Mlezi wa Taifa Hana Jirani

"Sisemi," alisema Bi Salme, akaendelea kugeuza vitumbua vyake kana kwamba aliyesimama mbele yake ni moshi tu. "Juzi nimekwambia, jana nimekwambia, na leo nakwambia mafuta yakiwa ya moto. Sisemi."

"Neno moja tu, Bi Salme," alisema Sikudhani. "Nimeridhia. Unalisema hapo chini ya Sikio, basi, kila mtu anarudi kwake."

"Na mimi siku naolewa niliambiwa hivyo hivyo. Neno moja tu."

Waliosimama na vyombo vyao wakisubiri vitumbua wakacheka, na Sikudhani naye ikabidi acheke, maana foleni nzima ikicheka halafu wewe ukanuna, mjinga ni wewe. Lakini moyoni alikuwa anaungua. Ilikuwa Jumanne. Mlango wa kupeleka majina unafungwa Ijumaa baada ya swala, na Tanga yote, kuanzia Ngamiani mpaka kule Raskazone ambako bahari imeshameza nusu ya nyumba, ilikuwa inamngoja mwanamke huyu mmoja mwenye kijiti cha vitumbua mkononi.

Sikudhani binti Mbwana alikuwa msusi wa barabara ya kumi na mbili. Ukitaka kujua nani kaachwa, nani kaongeza mke kimyakimya, na nani anajidai mlo wake wa kuku kumbe anasugua sufuria kwa limau ili linukie, unakwenda kwenye kigoda chake, unampa kichwa, yeye anakupa habari. Na habari kubwa ya mwaka ule ilikuwa yake mwenyewe. Ndiye aliyewakusanya Wapenzi wa Bi Kheri, akawatia wazimu mmoja, kwamba Bi Mwanakheri Shundo, mtunzi wa nyimbo za taarabu, mama yao wa mipasho, awe Mlezi wa Taifa.

Nchi ina serikali yake, ina bunge lake, ina watu wake wa kugombana. Mlezi hagombani na mtu. Haagizi askari, hapitishi sheria, hana hata ufunguo wa ofisi. Kazi yake ni pole na hongera. Ukifiwa, ukioa, ukijifungua, unapita serikali ya mtaa unamwita, na kabla hujafika nyumbani Kivuli chake kimeshakaa sebuleni kwako. Ni mwanga mtupu unaotoka kwenye taa ya ukutani, lakini una sura yake, sauti yake na ucheshi wake, na utakaa na wewe hadi uuruhusu kuondoka. Vivuli maelfu huwa nje kwa saa moja, kila kimoja kwenye msiba wake au harusi yake. Kisha kila alasiri, huko makao makuu, Mlezi mwenyewe huvalishwa kofia ya nyuzi, na yote ambayo Vivuli vyake vimeyasikia humiminwa kichwani mwake. Hayo huitwa Mavuno. Watu ndio waliodai iwe hivyo. Walikataa katakata kupewa pole na mashine. Walitaka mtu, na mtu huyo awakumbuke.

Mlezi wa mwisho alikuwa Mzee Hoza, mume wa huyuhuyu Bi Salme, zamani mtangazaji wa mpira redioni, mtu ambaye goli la kuotea alikuwa analisimulia mpaka refa mwenyewe anaona haya. Muhula wake ulipokwisha alirudi Ngamiani, na tangu hapo kiti kilikuwa kitupu. Wenye misiba walikuwa wanakaa peke yao na taa zao zilizozimwa. Mwanza walikuwa wanamtaka golikipa wao, Songea wanamtaka mwalimu wa kwaya. Tanga wao walikuwa na Bi Kheri, na nani angeshindana na Bi Kheri?

Sheria ilikuwa na mlango mmoja tu mwembamba. Anayetaka kuwa Mlezi lazima aridhiwe na jirani wa ukuta mmoja, kulia na kushoto, kwa kinywa chake, mbele ya Sikio, kile kijisahani cha shaba ambacho serikali ya mtaa imekibandika juu ya kila mlango. Walioitunga walisema anayekusikia ukikoroma ndiye anayekujua. Kushoto kwa Bi Kheri alikaa fundi Mashaka, mpiga dumbaki, ambaye aliridhia kwa makelele hata Sikio likamwomba arudie taratibu. Kulia alikaa Bi Salme.

"Niambie basi sababu," Sikudhani alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Amekukosea nini?"

Bi Salme aliweka vitumbua vitano kwenye sahani ya mteja aliyefuata, akapangusa mikono.

"Hajanikosea," alisema. "Sogea, mwanangu, unazuia riziki."

*

Sababu ilijulikana, bila shaka. Mtaa mzima ulikuwa nayo. Miaka mingi nyuma Bi Kheri alitunga wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini kuna wanawake huvua viatu. *Ukuta wa mwenzako una masikio, wako wewe una midomo.* Na nani alikuwa na ukuta na Bi Kheri? Hesabu ya mtoto wa chekechea hiyo. Bi Salme alipashwa, akatia moyoni, na leo kapata siku yake.

Basi jioni ile saluni ya Sikudhani ilijaa mpaka watu wakakalia vikaushio vya nywele, na shauri likapita bila mpinzani. Mpasho umeleta ugomvi, mpasho utauondoa. Wataungana wamwombe Bi Salme radhi, lakini kwa heshima zote: kwa kanga za sare zenye jina la *Tulikosa, tusamehe, ukuta ni mmoja*, kwa fidla, kwa kinanda, kwa dumbaki ya Mashaka, na kwa ubeti mpya ambao Sikudhani mwenyewe aliubuni akiwa anasuka mtu. Bi Kheri hakuambiwa. Walitaka kumletea ridhaa kama unavyomletea bibi harusi sinia lililofunikwa.

Jumatano alasiri wakaenda. Barabara yote ilitoka nje. Vigae vya mkonge juu ya mapaa, vile vinavyokunywa jua na kuwasha majiko, vilikuwa vinameremeta, na mbele ya nyumba ya Bi Salme wanawake arobaini wa kanga moja walisimama mistari mistari kama wamekuja kuposa. Fidla ikalia. Sikudhani akaimba ubeti wake, sauti yake ikiwa si kitu ila nia ikiwa kubwa, na wenzake wakamwitikia, na Mashaka akafumba macho akaipiga ile dumbaki kwa majuto ambayo hakuwa nayo.

Bi Salme alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea mlango. Kisha akaanza kucheka. Alicheka taratibu, halafu akacheka kwa bega, halafu ikabidi ashike fremu ya mlango.

"Nani kawaambia wimbo ule ulinipasha mimi?" aliuliza alipoweza.

Jibu lilikuwa kila mtu.

Ndipo akawaeleza, huku akijipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Wimbo ule aliuagiza yeye. Alikuwa na wifi yake Korogwe, mwanamke mmoja mwenye ulimi kama mjusi, aliyekuwa akija kukaa wiki anasikiliza kila kinachosemwa chumbani na kukipeleka kwa mama mkwe. Bi Salme akaenda ukutani, akamwita Kheri, akamwambia, nitungie. Kheri akatunga. Siku ulipoimbwa mara ya kwanza, Bi Salme ndiye aliyeinuka kuutunza kwa noti, akacheza mbele ya wifi mpaka kiatu kikakatika. Tangu siku ile wifi hakukanyaga Tanga tena, na Bi Salme hakuwahi kupewa zawadi iliyomfurahisha kuliko ile.

"Kumbe miaka yote mnanionea huruma," alisema. "Mwenzenu nilikuwa najiona mshindi."

Watu wakacheka mpaka fidla ikaanza kupiga tena bila kuombwa, na huenda ingegeuka sherehe. Lakini kelele zilimtoa Mzee Hoza ndani.

Alitoka na msuli wake safi na fulana iliyopigwa pasi, akasimama kizingitini, akatabasamu. Watu wakanyamaza kwa adabu. Mzee akaanza kuwapokea mmoja mmoja, na kila aliyeguswa aliona fahari, maana Mlezi hata akistaafu Mavuno yanabaki. Alimuuliza Mashaka kama goti la mwanawe lilipona vizuri baada ya ile harusi. Alimkumbusha mpiga fidla jina la mjukuu ambaye yeye mwenyewe alishaanza kumchanganya na mwingine. Alipofika kwa Sikudhani alimtazama kidogo.

"Na mama yako," alisema, "alikuwa anaficha sukari kwenye droo ya cherehani."

Mama yake Sikudhani alifariki mwaka wa mafuriko, barabara ya Muheza ikiwa imekatika, hakuna ndugu aliyeweza kufika. Alikaa na maiti peke yake, na Kivuli cha mtu huyu kikakaa naye, kikamuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, kikacheka aliposimulia ile sukari. Bila kicheko kile hajui angefanya nini na nafsi yake. Ndiyo sababu alitaka kiti kile kipate mtu, na alitaka mtu huyo awe Bi Kheri, kwa sababu kizuri unakitia kwenye chombo kizuri.

Kisha Mzee akamgeukia mwanamke aliyesimama mlangoni pake. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kwa upole uleule, haukuzidi, haukupungua.

"Na wewe dada, pole sana," alisema. "Nakukumbuka. Wewe ndiye uliyempoteza mumeo."

Hata Mashaka aliiweka dumbaki chini.

"Ahsante, baba," alisema Bi Salme. "Rudi ndani, jua hili kali."

*

Alipowaaga wote alimbakiza Sikudhani, akamkalisha kwenye gunia la mchele jikoni, akamsimulia, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni.

Mwanzoni Mzee alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka makao makuu. Kisha akawa anapiga na kuanza kumsimulia mke wake habari za ng'ombe aliyekufa Sumbawanga kana kwamba ni ng'ombe wake. Hakuwa amesahau kitu, huo ndio uongo ambao Bi Salme mwenyewe aliuamini kwanza. Daktari wa Mavuno alimweleza vizuri. Hakuna kinachofutwa. Harusi yao imo, safari ya Lushoto imo, mtoto waliyemzika yumo. Ila sasa zimo harusi laki nyingi, na watoto waliozikwa hawana idadi, na yote yamemiminwa kwa uzito mmoja, maana sheria ilisema Mlezi asipendelee. Chukua chumvi ya chungu kimoja, daktari alisema, utie kisimani. Chumvi ipo. Nenda kaitafute.

"Akaacha kupiga," alisema Bi Salme. "Nikawa sina njia ya kumpata mume wangu. Nikafanya kama raia wengine. Nikaenda serikali ya mtaa nikasema nimefiwa, nakiomba Kivuli. Kikaja. Kikakaa pale ulipokaa. Kikaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nami nikakieleza, na kilicheka palepale ambapo Hoza angecheka. Alasiri yake yale maneno yakaenda yakamiminwa kichwani mwake. Mimi ndiye niliyempa habari kwamba mume wangu amekufa."

Mtaani hakuna aliyegundua. Wangegundua vipi? Wao waliona mzee mpole anayewajua wote kwa majina, wakasema ni baraka ya cheo. Na yeye Bi Salme hakusema, kwa sababu mke wa Mlezi akilalamika kwamba anapendwa sawa na watu wengine ataonekana mchoyo.

Sikudhani alikuwa anatazama sakafu. Alitaka kusema pole, ila neno lenyewe lilimwogopesha.

"Kicheko nilichopata mimi," alisema mwishowe, "kilitoka kwako."

"Sikudai, mwanangu. Ulikihitaji." Bi Salme aliinuka kuchochea moto. "Lakini sikiliza. Mwambie Kheri yote haya. Nikimwambia mimi mtasema wivu wa cheo kilichotoka nyumbani kwangu. Mwambie wewe uliyempandisha. Akishajua na bado akataka, aje ukutani aniite kama zamani, nami nitalisema lile neno. Hapo ridhaa itakuwa yake kwanza, ndipo iwe yangu."

*

Sikudhani hakwenda siku ile. Alikwenda nyumbani, akakaa, akatafuta namna ya kulisema jambo lile nusu nusu. Alijua anachoshika. Akinyamaza siku moja zaidi, akarudi kwa Bi Salme na kusema nimemwambia, kisha akamtuma Bi Kheri ukutani kuita, keshokutwa jina linapelekwa, na kuna wanawake nchi nzima wamekaa na maiti zao hivi sasa kama alivyokaa yeye. Mtu mmoja kwa wote hao. Hesabu yake haikuwa ya kipuuzi. Kilichomsumbua ni kwamba kila alipomfikiria huyo mtu mmoja, alikuwa ni Bi Kheri, na miwani yake ya kamba na paka wake watatu.

Alhamisi asubuhi alimkuta Bi Kheri amesimama juu ya kiti anapimwa gauni la kuapia, nyumba imejaa mafundi, wapambe, na watu waliokuja kuazima chumvi wakasahau kuondoka. Sikudhani akawatoa wote. Akasimulia, hakupunguza kitu.

Bi Kheri alisikiliza akiwa bado juu ya kiti, pini mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo Sikudhani hakulitegemea. Macho yalimng'aa.

Alisema msiba wa Salme ni mkubwa na atakwenda kumwona. Lakini yeye ni mtunzi. Barabara ya kumi na mbili ameimaliza, amewatunga wote, walio hai na waliohama, ametunga mpaka paka. Mwaka wa pili huu kalamu haisogei, na hajamwambia mtu. Sasa wanamwambia nchi nzima itakuja kumsimulia, siri za kila nyumba, kila kitanda, kila kaburi.

"Mtunzi gani atakataa hayo, Siku? Hata nikichanganya yangu na yao. Yangu nimeshayaimba."

Aliyemtaka Bi Kheri awe Mlezi ni Sikudhani mwenyewe, na sasa alikuwa anatafuta maneno ya kumzuia mtu mzima asichukue alichopewa. Akaona hana haki ya kumkataza. Akaona pia hana haki ya kumwacha aende kwa habari za kusikia.

"Basi twende upande wa pili wa ukuta," alisema. "Ukamwone mtani wako."

Maana ukoo wa kina Shundo na ukoo wa kina Hoza ni watani, tangu enzi za mababu, na Bi Kheri na Mzee walikuwa wamekula ujana wao kwa kutukanana. Bi Kheri alimwita mwizi wa mbuzi hadharani, naye Mzee akamtangaza redioni, katikati ya mechi ya fainali, kwamba kipa amedaka vibaya kwa sababu kasikia Mwanakheri anaimba. Tangu Mzee arudi hawakuwa wameonana zaidi ya salamu za dirishani. Bi Kheri alidhani ni uchovu wa cheo.

Alimkuta Mzee ukumbini, anamenya machungwa. Akavuta kiti, akaanza bila hodi.

"Hoza, bado unaishi? Sisi tulishagawana mbuzi zako, zile ulizotuibia."

Mzee aliinua macho, akamtazama kwa wema. "Pole, mama. Walikuibia mbuzi wangapi?"

Bi Kheri akacheka kidogo, akaongeza moto. Akamwambia kichwa chake kimebaki kuwa stendi ya nzi. Akamwambia babu yake alikufa kwa ulafi, alizikwa na kijiko, na ukoo wote bado unakitafuta. Mtani wa kweli hapo huruka juu, hurudisha tusi lenye mkia. Mzee Hoza aliweka chungwa chini, macho yake yakalowa.

"Pole kwa babu," alisema. "Kufa na njaa ya kitu ni jambo zito. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bi Kheri aligeuka akamtazama Bi Salme, aliyekuwa amesimama kwenye pazia. Kisha akajaribu mara ya mwisho, na safari hii hakutukana. Alimuuliza kama kuna mtu yeyote duniani amemuudhi. Mzee alifikiri kwa bidii, kama anayetafuta sarafu mfukoni ili asimwangushe mwombaji. Akasema wameudhiwa wengi, masikini, akaanza kumtajia, wa Kigoma, wa Mpwapwa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Bi Kheri alichukua chungwa lililomenywa, akalishika bila kulila. Alipozungumza alimwambia Sikudhani, ingawa alikuwa anamtazama mtani wake.

"Mpasho hautungwi kwa ajili ya nchi. Kuna jirani mmoja, amekuudhi kweli, na unampenda kweli. Huyu hapa hana jirani."

Akaliweka chungwa mkononi mwa Mzee.

"Watanichukia, Siku?"

"Wataanza na mimi," alisema Sikudhani. "Niliwasha mimi. Nitazima mimi."

*

Ijumaa baada ya swala uwanja wa Tangamano ulijaa hadi kuta za nje. Walikuja na mabango, na matarumbeta, na keki yenye sura ya Bi Kheri ambayo jua lilikuwa limeanza kuipa ndevu. Sikudhani alipanda jukwaani akasema jina halitapelekwa.

Yaliyofuata aliyatarajia, na bado yalimuuma. Walimwita msaliti. Walimuuliza Mwanza wamemnunulia nini. Mwanamke ambaye Sikudhani alimsuka bila malipo siku ya ndoa yake alisimama akasema kuanzia leo atanyoa. Sikudhani aliwaachia. Ndipo Bi Salme, ambaye hajawahi kupanda jukwaa isipokuwa kutunza, alipanda, akaomba Sikio la uwanja liwashwe ili asikike mpaka makao makuu, akasema mume wangu simfahamu na yeye hanifahamu, nami nitawaeleza ilivyokuwa. Akaeleza. Golikipa wa Mwanza na asikilize, alisema, na mwalimu wa Songea, na wake zao.

Wengi walishusha mabango. Wengine waliondoka wakinung'unika. Na sauti moja ikatoka nyuma, ya mwanamke mfupi aliyejitanda kaniki, ambaye Sikudhani hakuwahi kumwona.

Alisema anaitwa Mwanamvua, ametoka Pongwe. Mumewe alikuwa mchimba chokaa. Wamemzika Jumatano, ndugu zake wako mbali. Hakuja kwa ajili ya nyimbo. Alikuja kwa sababu alisikia leo Mlezi anapatikana.

"Nyinyi mmemwokoa mama yenu," alisema, bila ukali. "Sawa. Kwangu anakuja nani?"

Sikudhani alimtazama Bi Kheri. Bi Kheri akamtazama Bi Salme. Hakuna aliyekuwa na jibu la nchi. Lakini swali lenyewe halikuwa la nchi.

"Pongwe sehemu gani?" Sikudhani aliuliza.

*

Jumamosi walishuka kwenye treni ya Pongwe, wasiopungua thelathini, wale waliobaki upande wao, Mashaka akiwa na gunia la mchele begani. Bi Kheri alikuja na mwavuli, akilalamika juu ya vumbi la chokaa kila hatua. Bi Salme alikuja amemshika mumewe mkono, na mzee alifuata kwa furaha, akiwasalimia watu wa njiani kwa majina.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Taa ya ukutani Mwanamvua alikuwa ameiwasha hata hivyo, inamulika kiti ambacho hakikuwa na mtu. Mwanamvua alitoka, akasimama akiwaangalia wamejaa uani kwake, akamsogelea Sikudhani na kumshika mkono juu ya kiwiko, akauminya kama anayechagua embe. Kisha akaunyoosha mkono kwa Bi Kheri.

"Minya tu, mwanangu," alisema Bi Kheri. "Nyama ipo ya kutosha."

Mwanamvua alicheka, kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakamchukua wakamkalisha chini. Wengine walizunguka nyuma kuwasha moto, wengine wakagombana kuhusu nazi ngapi, na kwa muda nyumba ile ikawa na kelele za nyumba yenye watu. Mzee Hoza aliketi mkekani na watoto wawili wa marehemu. Bi Kheri alimkuta jirani wa Mwanamvua aliyekuwa anachungulia uzioni siku tatu bila kuja, akamwambia maneno mawili matatu, na yule jirani akaja mbio na sufuria lake.

Sikudhani alibaki karibu na mlango. Alikuwa amejiandaa njiani. Alikusudia kuuliza maswali yale aliyoulizwa yeye, kwa utulivu uleule. Mwanamvua alipoinuka na kuja kusimama karibu yake, yale maneno yote yakamkimbia, na pamoja nayo likakimbia jambo ambalo hakupaswa kabisa kulisahau. Aliambiwa jana uwanjani, na asubuhi kwenye treni wakarudia.

"Nisamehe, dada," alisema, uso ukimwaka. "Marehemu aliitwa nani vile?"

Alidhani atafukuzwa. Mwanamvua alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe anayesoma mbali.

"Ramadhani," alisema. "Ramadhani Kilua. Lakini hapa Pongwe hakuna aliyemwita hivyo, walimwita Redio, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Hata usingizini alikuwa anabishana." Akainama akasogeza viatu vilivyojaa mlangoni, akafungua nafasi. "Ni hadithi ndefu hiyo. Ingia kwanza, wali umeshaiva, kaa hapa na mimi, ule."